Opareta wa Barabara ya Pugu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Ofisi nne leo. Ya kwanza, mlinzi alidhani naomba sadaka, akaniambia Idi imeshapita. Ya pili walinipa soda. Ya tatu walinipa kiti, basi. Ya nne, kampuni mpya ya kuagiza mizigo hapo Barabara ya Pugu, walinisikiliza. Ndiyo maana naandika.

Miaka kumi na moja natafutia wasioona kazi ya kupokea simu maofisini. Kazi hii sikuisomea. Nilikuwaga mtunza stoo wa chuo cha wasioona hapa Temeke, nikajifunza nukta nundu kwa macho, mengine kwa kusumbua watu. Zamani ilikuwa nafuu. Waraka ulitoka juu, mashirika ya umma yakachukua watu wangu, yakanuna pembeni. Sasa mashirika yanauzwa, na mnunuzi huanza kwa kung'oa mapazia na opareta. Watatu wamenirudia tangu mwaka jana. Wanakaa kwenye benchi la chuo kama mizigo iliyokosa mwenyewe.

Meneja wa hapo Pugu ana miaka thelathini na kitu. Mie hamsini na mbili. Nusura nimpe shikamoo mie. Akasema, "Mzee, huruma ilikwisha na Azimio. Niletee mtu wa kazi." Nikamwambia ninaye. Mwezi mmoja wa majaribio. Akifaulu, rafiki yake mwenye hoteli atachukua wawili.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemchagua Zuhura. Ana miaka ishirini na saba. Surua ilimpofusha akiwa mdogo. Analala ukumbini kwa kaka yake Mbagala, na wifi yake humtambulisha kwa watu kama mgeni wetu wa kudumu. Anataka chumba chake, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Tangu nimfahamu hajataka kingine.

Benchi limenuna. Wanasema nampendelea. Ni kweli.

Jumatatu, 13 Machi

Siku ya kwanza. Swichibodi yao huonyesha simu kwa taa, hailii. Meneja alikuwa ameapa kwamba hapo asiyeona hawezi kitu. Fundi wetu akafunga kengele mbili: nzito kwa simu za nje, nyembamba kwa za ndani. Dakika arobaini.

Nikamzungusha Zuhura: geti, ngazi saba, kiti, choo. Wafanyakazi walipita polepole kumtazama, wengine mara mbili. Mama mhasibu akampungia mkono karibu na pua, kuhakikisha. Zuhura akamwamkia, akasema bangili zake zina sauti nzuri.

Mama yule hakurudi tena upande ule mpaka saa sita.

Ijumaa, 24 Machi

Nimepita kukagua. Anazijua sauti za wateja wote wakubwa. Mmoja wa Morogoro alipiga akiwa na mafua, akapewa pole kabla hajataja jina. Meneja anawasimulia wageni kama vile ni yeye aliyemfundisha. Mwacheni.

Niliyemfundisha ni mie. Kanuni ya kwanza: anayepiga asaidiwe kumpata anayemtafuta. Kanuni ya pili: usiseme usichokijua.

Getini sasa napewa chai. Nina furaha. Nikiwa na furaha huwa mjinga.

Jumanne, 4 Aprili

Mwenye hoteli ameomba majina mawili. Nimeyapeleka kwa mkono wangu. Meneja mwenyewe kasafiri, yuko Arusha wiki nzima.

Zuhura amehamia Mtoni, chumba cha uani. Wifi yake kamwazima ndoo, labda kwa shukrani. Nilipokwenda kumpongeza aliniacha nje kwanza. Akafunga komeo, akafungua, akafunga tena, ili nisikie.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimeitwa mbiombio. Meneja hakunikaribisha kiti.

Habari yenyewe ni hii. Juzi alipiga simu ofisini, akauliza ya mizigo, akasema yuko Arusha. Baada ya saa moja mkewe naye akapiga, akauliza kama baba watoto amepata nafasi ya kupiga huko aliko. Zuhura akasema amepiga, ila si kutoka Arusha. Simu ya Arusha, akaeleza, hukwaruza na sauti huchelewa kufika. Hii ilikuwa karibu, safi kabisa. Na nyuma yake kulikuwa na mashine ya kukoboa, ile mbovu inayokohoa, pale Tandika karibu na soko. Mama akijaribu huko atampata.

Mama akajaribu huko. Akampata.

Hakukuwa na fitina yoyote. Zuhura alidhani mama wa watu ana shida ya haraka. Alimsaidia anayepiga kumpata anayemtafuta. Hakusema asichokijua.

Nilimweleza Meneja hayo yote, kwa adabu. Nikamwomba amwonye tu. Shavu lake la kushoto lilikuwa na plasta. Akasema, "Mzee, uliniambia haoni. Hukuniambia anasikia namna hii."

Kwenye fomu ya kumwachisha kazi ameandika: hawezi kazi kwa sababu ya ulemavu. Nikamwambia huo ni uongo. Akaniuliza nataka aandike nini.

Jumatatu, 10 Aprili

Hoteli imerudisha majina. Bila barua. Dereva wao kaja nayo kwenye bahasha ileile niliyopeleka mie.

Namchukia Meneja. Namchukia dereva pia, hana kosa. Juzi usiku nilimchukia hata Zuhura, kama nusu saa. Ana masikio ya kusikia mashine ya Tandika, hana ya kusikia mume anavyodanganya.

Kumi na moja, miaka. Nimekuwa nikipita nikiwaambia wakubwa: hawa hawana upungufu wowote kazini, wanasikia kila kitu, ni waaminifu. Nimegundua nilikuwa nawatisha.

Zuhura hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, nimevunja kanuni ipi?"

Nikamwambia nina kikao. Nikaenda kukaa stoo.

Jumatano, 12 Aprili

Chumba anacho mpaka mwisho wa mwezi. Wifi yake ameulizia ndoo.

Nimepata kampuni nyingine, ya vipuri, Keko. Wanataka opareta mmoja, wa kujaribiwa. Mwenye kampuni kauliza kwanza kama mtu wangu ana busara. Safari hii nilielewa anauliza nini.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Wamekuja wanne darasani, Zuhura wa kwanza.

Nimeongeza somo. Sikulipa jina. Nilikaa kwenye simu ya mazoezi upande wa pili wa pazia, nikawa mke wa mkubwa, nikawapigia mmoja mmoja. Wawili walibabaika.

Zuhura aliinua simu kengele ilipolia mara moja. Akaniamkia vizuri. Akasema mkubwa amesafiri, yuko Mwanza, amepiga asubuhi, simu ilikuwa inakwaruza lakini salamu zimefika, na ameuliza hali ya watoto. Alisema kwa upole, na tabasamu lake lilisikika kwenye waya. Nilitaka kumshukuru.

Hakuna aliyecheka. Nikatoka nyuma ya pazia nikamwambia yeye ndiye atakwenda Keko Jumatatu. Akasema asante, mwalimu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya simu. Nikarudi kwenye kiti changu, nikampigia anayefuata.