Choo cha Bwana Arthur

Kenton, Uingereza, Jumapili, Novemba 1995

Sijui nicheke au... Baba yangu, ambaye hata kwa wakwe zake hajawahi kuomba choo, leo ameomba choo mara mbili kwa jirani yetu Mwingereza, Bwana Arthur, kabla hajamaliza kikombe kimoja cha chai. Wote wawili walikuwa askari wa Mwingereza kule Burma, Vita Kuu ya Pili, basi Arthur akatualika.

Mara ya pili niliingiwa na wasiwasi. Mimi ni nesi. Nilishaanza kuwaza sukari, kibofu, kumpeleka kwa daktari.

Tulipotoka nikamuuliza, "Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Kule Burma Wazungu walikuwa na choo chao, na kibao mlangoni. Risasi tulipigwa pamoja, choo mbalimbali. Miaka yote hii najiuliza mle mna nini."

"Na umeona nini?"

"Zulia, mwanangu. Zulia la rangi ya waridi, chooni."

Nilicheka mpaka nikaegemea ua wa watu. Yeye alingoja nimalize.

"Rafiki yangu Mutua alichapwa viboko kwa kuingia choo chao," akasema. "Mara ya pili nilikwenda kwa niaba yake."