Hatua za Tembo wa Kale

Jumatatu, 2 Februari 1998

Mvua tena. Hapa Kasulu hata kuni zimeota ukungu. Marehemu mume wangu Evaristi alisema kabla hajaugua: bahari ya mbali ikipata joto, sisi huku tutalowa. Wanafunzi wake wakamcheka. Mwalimu wa jiografia, chaki kwenye mkono wa shati—ndivyo ninavyomwona bado.

Nimevaa hedifoni, nimeendelea na wimbo wetu. Hatua za tembo wa kale, yule wa pembe zilizopinda chini ya kidevu, alizipiga yeye kwenye kinanda. Sauti nzito, polepole. Mvua nimeweka mimi. Kila mzunguko napunguza matone, maana nchi ilikauka, misitu ikarudi nyuma, mnyama akaisha. Mwishoni zibaki hatua tu.

Mama mkwe, Ntirampeba, alisimama mlangoni akitazama vidole vyangu. Hakusikia kitu. "Mukazana, mke wa mwanangu, unachambua maharage gani hayo yasiyoonekana?" Nilicheka! Mara ya kwanza tangu tumzike Evaristi Novemba.

Jumatano, 4 Februari

Taa ya betri kwenye kinanda imeanza kupepesa. Kinanda hiki kinatunza wimbo kwa nguvu ya betri tu. Zikiisha, wimbo umefutika. Ukizitoa hata dakika moja uweke mpya—umefutika vilevile. Na mkono wa Evaristi haupo tena wa kurudia.

Njia ni moja: kuupiga kwa sauti na kuunasa kwenye kaseti. Redio ya kunasia ninayo, ameniazima Uwimana wa kwaya. Lakini nyumba yenye msiba haitoi muziki mpaka tuganduke—ndugu wakae, wanywe pombe ya mtama, msiba uondolewe rasmi. Ni Jumamosi hii. Betri, vumilieni.

Ijumaa, 6 Februari

Shemeji Harerimana, kaka yake Evaristi, amefika kutoka Kibondo, matope mpaka magotini. Lori la wazee limekwama, wamegeuza. Kuganduka kumesogezwa mpaka barabara ikauke. Ikauke lini?!

Nikamwomba: mara moja tu, madirisha yakiwa yamefungwa. Akasema mjane mwenye haraka ya ngoma, watu watamla nyama. Kisha taratibu: "Shemeji, tumeshazika mmoja. Unataka kumwita nani mwingine?"

Mama mkwe akainamisha kichwa. Ningependa kumwona Harerimana mtu mbaya, siwezi. Anaogopa tusiite kifo kingine.

Jumamosi, 7 Februari

Taa inapepesa haraka zaidi.

Mama mkwe akaja kukaa kando yangu. "Nivalishe na mimi hayo masikio." Nikamvalisha juu ya kitambaa chake, nikabonyeza. Nikamwonyesha kwa mkono: hizi ni za Evaristi. Akaanza kutikisa kichwa kufuata hatua, akapaza sauti kama kiziwi: "Anatembea kama baba yake!" Nje Harerimana akageuka.

Mama mkwe alipoyavua akauliza mbona mvua inamkimbia. Nikasema ndivyo ilivyokuwa. Akashika kinanda kama anavyoshika mtoto mwenye homa. Nikamwambia betri zinakufa, na zikifa naye anaondoka. Alikuwa analia.

Jumapili, 8 Februari

Nimetoka kanisani, nimekuta kinanda kimefunuliwa mgongo. Betri hazimo!

Zilikuwa jikoni, zimepangwa kando ya mafiga. Mama mkwe akaniinulia moja, uso umemng'aa. "Jua halipo la kuzianika. Nimeziotesha moto, kama za redio. Zimepona, shika!"

Nikashika. Za moto kweli.

Akasema ameshazungumza na Harerimana: mwanawe atasikika leo, lawama zote ni zake yeye mama. Harerimana yupo kwenye kigoda, redio ya Uwimana mapajani, kidole tayari. Hanitazami. "Haya shemeji," kasema, "kabla sijabadili mawazo."

Nimezirudisha betri. Taa imewaka, imetulia, haipepesi kabisa. Mama mkwe akapiga makofi.

Nimewaambia naingia chumbani kutafuta kaseti. Kaseti ipo hapa, juu ya kitanda; wimbo wa kunasa ndio haupo. Naandika.

Ananiita. "Mwanangu, unakawia nini? Njoo umfungulie."