Mgonjwa wa Akili Hafundi Mwali

Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifunza kwamba mkubwa husalimiwa kwanza, mengine baadaye.

Tumekuzika hapa Vihingo, arobaini imepita, na tayari nafasi yako ina ugomvi. Binti wa kaka Shabani amevunja ungo. Kwa mila yetu, mimi shangazi yake ndiye wa kumfunda. Kaka amekataa. Kasema mbele ya wanawake wote, "Mgonjwa wa akili hafundi mwali."

Basi nisikilize wewe. Mimi siugui akili. Na hata ningekuwa naugua, ningeshindwa nini?

Unakumbuka uliponiweka ndani? Wenzangu walilia wakitaka kutoka. Mimi nililia siku ya kutolewa. Mle ndani mlikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza mtu alinieleza watu wanataka nini: hapa cheka, hapa nyamaza, mgeni akisema ameshiba mwongeze kidogo. Wenzangu walikuwa wanayajua hayo bila kufundishwa. Mimi niliyakariri kama mtu mwenye mtihani. Na macho yangu, ambayo tangu utotoni hayatulii usoni mwa mtu, yakasifiwa. "Mwali wa Vihingo huyo, ana haya!" Ulifurahi mno. Hukujua, wala mimi sikujua, kwamba ile haikuwa haya.

Kisha nikapata kazi kiwandani Zegereni. Mashine, kengele, msimamizi anafoka sikioni. Siku nilipoingia chini ya meza nikaziba masikio, wenzangu wakasema nimepandisha mashetani. Hospitali waliyonipeleka, daktari alimuuliza kaka, hakuniuliza mimi. Kaka akasema naongea peke yangu. Kweli, nilikuwa naongea! Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno uliyonifunza kabla sijakutana na watu. Wakaandika skizofrenia. Vidonge vikanivimbisha, mikono ikatetemeka hata chai ikawa inamwagika. Nikaja kwako kulia, ukaniambia, "Meza tu mwanangu, utapoa." Hapo ulikosea, somo. Nakupenda, ila sitakusafisha kwa sababu umekufa.

Baada ya msiba nilikwenda kwa daktari mwingine, mama mmoja pale Kibaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita tena na tena. Akasema ni usonji, nimezaliwa nao. Vidonge ananipunguzia kidogo kidogo. Kaka alicheka, eti usonji ni wa watoto. Nikamuuliza, hao watoto wakikua huwa wanakwenda wapi?

Nimelia kwa hasira, Shangazi. Ujana wangu wote nimeulala kwa vidonge vile.

Lakini mwali nitamfunda. Nitampa yote uliyonipa, usafi, heshima, kupokea wageni. Nitaongeza moja la kwangu: kelele zikimzidi, aseme zimemzidi, aondoke, na asimwombe mtu radhi. Hilo nakuahidi.

Kesho wanamwingiza ndani. Mama yake yuko upande wangu, na wanawake wengine wameanza kulegea. Kaka anatangaza mtaa mzima kwamba nikiingia atanitoa kwa mkono wake. Pumzika, somo yangu. Mimi nitakuwa mkekani na mwali wangu, na mlango ule mwanamume haingii.

Mwanao,
Zuhura