Lifti Niliyoikataa Mavuji

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya masika isiyo na haraka ya kwenda popote. Nimefungua duka langu la fotokopi hapa Lindi kwa sababu sikujua nikakae wapi kwingine. Mteja hajaja hata mmoja. Kompyuta inawaka, nami nimekaa mbele yake na suruali ile ile niliyorudi nayo kutoka msibani Tingi, kule Kilwa.

Mjomba Saidi amefariki. Amezikwa Jumamosi.

Sikumzika.

Naandika kavu kavu hivyo kwa sababu kila nikijaribu kulizungusha neno, najikuta naanza kujitetea, na safari hii sina utetezi. Mjomba ndiye aliyenilea. Watoto wake wote ni wa kike, na kwetu wanawake hawaendi makaburini. Kwa hiyo tangu nikiwa kijana ilijulikana kwamba siku yake ikifika, mimi ndiye nitakayeshuka kaburini kumpokea na kumlaza. Mwenyewe alikuwa akinitania. "Usije ukanilaza kama unavyofunga nati, ukakaza mpaka ukakata uzi." Nilikuwa nacheka, maana nati zake nilizoharibu nikijifunza ufundi zilikuwa nyingi.

Mjomba alikuwa dereva wa shirika moja la umma hapa Lindi. Shirika lilipokufa, magari yake yakapigwa mnada, naye akanunua Landrova aliyokuwa akiiendesha mwenyewe. Watu walimcheka. Hao hao, mvua zilipokata barabara, walikuwa wakimfuata awabebe. Enzi hizo kwenda Dar ilikuwa safari ya kuaga nyumbani, na dereva asiyejua kutengeneza gari lake hakuwa dereva, alikuwa mzigo. Tangi likitoboka unaziba kwa sabuni ya mche. Mafuta ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, yakivuja yakaisha, unashindilia ndizi mbichi na kusogea taratibu mpaka kijiji cha mbele. Nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeshika spana nimpe.

Na ilikuwepo sheria. Ukikwama, unakata matawi na kuyalaza barabarani mbele na nyuma ya gari, wenzako wakiyaona wapunguze mwendo. Anayepita lazima asimame, awe anakujua au hakujui. Ukishatengeneza, unaondoa matawi kabla ya kuondoka, asije mwingine akayakwepa akaingia mtaroni. Kubwa kuliko yote, gari haliachwi njiani. Unalala nalo, unaumwa na mbu nalo, unaondoka nalo. Mjomba aliliamini hilo kama alivyoamini swala.

Mimi nikalirithi pamoja na Landrova yenyewe. Aliponipa funguo macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na yeye amekwisha rudi Tingi kulima ufuta.

Sasa nieleze habari ya jukwaa, maana nalo limo.

Nilipopata mtandao hapa dukani, nilikutana na watu wa magari ya zamani kwenye jukwaa liitwalo Spana Mkononi. Wengi hatukuwahi kuonana. Mtu anaandika kutoka Newala kwamba klachi yake inateleza, na kabla sijafunga duka amekwisha jibiwa na mtu wa Songea na mtu wa Tanga, nao wamekwisha gombana wao kwa wao. Nilikuwa na raha siku zile. Swali likinishinda nampigia simu Mjomba, ananieleza, naandika. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, lakini jukwaani alikuwa na jina. Watu wakikwama waliandika, "Mwulize Mjomba."

Nikimsomea hayo kwenye simu anaguna. Ndiyo ilikuwa furaha yake.

Halafu mambo yakabadilika polepole, bila mtu kutangaza. Bandari ilikwisha funguliwa kwa biashara huria, magari yaliyotumika Japani yakamwagika nchini mpaka huku kwetu ambako zamani gari lilihesabika. Lami ikafika. Magari mapya ukifungua boneti unakuta kifuniko, ukifungua kifuniko unakuta waya. Jukwaani maswali ya "nifanyeje" yakapungua, yakaja ya "nani ana fundi mwenye kompyuta ya kupimia" na picha za rimu zinazong'aa. Wazee wa jukwaa wakanyamaza mmoja mmoja. Mimi niliendelea kulalamika. Niliandika maneno makali kuhusu vijana wasiojua tairi la akiba liko wapi, na wakongwe wachache waliobaki wakanipongeza.

Jambo ambalo sikuliandika ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kushika spana. Landrova ikisumbua nilikuwa naipeleka gereji, mimi nakaa pembeni nakunywa kahawa nikimsimulia fundi habari za Mjomba.

Jumamosi simu ililia nikiwa bado kwenye mkeka wa alfajiri. Alikuwa mkwe wa Mjomba, mume wa binti yake mkubwa. Mjomba ameondoka usiku, maziko ni baada ya adhuhuri. Nikamwambia nakuja. Jirani yangu akanishauri nipande basi. Nikamjibu kwamba siwezi kwenda kumzika Mjomba kwa basi huku Landrova yake imekaa uani. Nilitaka waione ikiingia pale. Nilitaka na yeye, kwa namna nisiyoweza kuieleza, asikie mlio wake.

Ilikwenda vizuri mpaka mbele kidogo ya Mavuji. Hapo ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikazima.

Nikakata matawi, nikayalaza. Nikafungua boneti. Petroli ilikuwa haifiki kwenye kabureta, hilo nililiona mapema, na pampu ya mafuta nilipoifungua nikakuta mpira wake wa ndani umechanika. Sikuwa na wa kubadilisha. Nikakata kipande cha tyubu ya zamani, nikakichonga kwa wembe, nikafunga. Gari likawaka. Nilipiga kelele peke yangu pale barabarani kama mwendawazimu. Halikwenda hata mwendo wa kutoka hapa mpaka sokoni, likazima tena. Petroli ilikuwa imekwisha ulegeza ule mpira wa tyubu. Mtoto wa fundi yeyote wa zamani angejua hilo. Mimi nikachonga mwingine.

Magari yalikuwa yanapita. Yanapunguza mwendo kwenye matawi yangu, yanayazunguka, yanaongeza mwendo. Nikayalaani yote.

Moja lilisimama. Gari dogo jeupe, safi, na ndani yake bwana mmoja wa umri wa mwanangu mkubwa, amevaa shati la kazini. Akashuka, akanipa shikamoo, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza habari ya pampu. Akakiri, bila aibu yoyote, kwamba hajui kitu, hata la kwake hajawahi kulifungua boneti. Nikajisemea moyoni, ndio hawa. Akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia Tingi, kumzika mjomba wangu, baada ya adhuhuri.

Akaangalia saa yake, akafungua mlango wa upande wa abiria.

"Mzee, panda twende. Gari utalikuta hapa hapa."

"Gari haliachwi njiani, mwanangu," nikamwambia. "Tangulia. Mimi niko nyuma yako."

Nilisema kwa majivuno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba wakati ule nilijiona mtu wa maana. Akaufunga mlango, akaniombea heri akaondoka.

Mkwe wa Mjomba akapiga simu. Nikamwambia bado kidogo. Akapiga tena baadaye, wamekwisha muosha. Bado kidogo. Alipopiga mara nyingine nilisikia watu wengi nyuma yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Waliamua kusogeza mpaka baada ya alasiri kwa ajili yangu, lakini zaidi ya hapo masheikh hawatakubali. Nikamwambia nipo njiani kabisa. Na kweli nilikuwa njiani, nimekaa chini kando ya lami na pampu mapajani.

Hapo ndipo nilipoandika jukwaani kwa simu. Nikaeleza shida, nikaomba msaada wa haraka. Majibu yalikuja upesi. Mmoja aliniambia niipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Mwingine akaomba picha ya gari, wamwone mnyama mwenyewe. Wa tatu alinipa namba ya gari la kuvuta, liko Dar. Zamani ningejua la kufanya, ningempigia Mjomba. Kidole changu kilikwenda mpaka kwenye jina lake kwenye simu kabla sijakumbuka kwamba naye amevikwa sanda ananingoja.

Nililia pale. Niseme tu, nililia.

Kisha akajibu mwanachama mgeni ambaye sijawahi kuliona jina lake. Hakuandika maneno mengi. Alisema ametafuta kwenye mada za zamani akakuta hii, huenda itanifaa. Nikafungua.

Ilikuwa imeandikwa na mimi.

Miaka kadhaa nyuma mtu mmoja alikwama na pampu kama yangu, nami nikamwandikia: Mjomba anasema achana na pampu. Funga dumu la petroli juu ya paa, tia mpira, uteremshe mpaka kwenye kabureta, mafuta yatashuka yenyewe. Anasema alitoka Kilwa mpaka Lindi hivyo. Yule mtu alijibu kwamba imekubali, na nimsalimie sana Mjomba.

Dumu nilikuwa nalo. Mpira wa kunyonyea petroli ulikuwa kwenye boksi la spana tangu asubuhi, nimeusukuma pembeni mara nyingi nikitafuta wembe. Nilifunga, nikapiga ufunguo, Landrova ikaitika mara moja. Niliondoka bila hata kutazama nyuma.

Nilipofika Tingi wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wamekunja suruali, miguu ina udongo. Waliipisha Landrova pande mbili za njia. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa pole, wakanishika mkono mmoja mmoja, na kila mkono ulikuwa na mchanga.

Bi Mwanaidi, mkewe, sikuruhusiwa kumwona kwa sababu ameingia eda, lakini aliniita nikae nje ya dirisha lake tuongee. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniuliza kama nimekula. Nikaomba radhi. Akasema Mungu ndiye mpangaji. Halafu akaniuliza kama yule ndugu niliyemtanguliza amekwisha ondoka, maana yeye alitaka tumshukuru.

Ndugu gani?

Alikuwa bwana wa gari jeupe. Safari yake ilikuwa ya Dar, hakuwa na haja yoyote na Tingi. Lakini alipopita akaona watu wamekusanyika, akasimama, akauliza ndio msiba wa mzee mwenye mpwa Lindi. Akawaambia nimekwama, ninakuja. Kisha hakuondoka, akatawadha akakaa nao kungoja. Ndiye aliyewaombea wanisogezee mpaka alasiri. Nafasi yangu waliiacha wazi mpaka kaburini, watu wameshuka, mmoja amepungua. Sheikh akageuka akamwambia, wewe uliyeleta salamu zake, shuka badala yake.

"Akashuka na shati lake zuri lile," Bi Mwanaidi aliniambia kupitia dirishani. "Wanasema alimpokea taratibu, kama anamjua."

Niligeuka kutazama njiani, gari jeupe halikuwepo tena. Nilikaa pale mpaka waliponiletea maji.

Leo asubuhi nikirudi, dumu likiwa bado juu ya paa, niliyakuta matawi yangu mbele ya Mavuji. Yapo pale pale barabarani tangu Jumamosi. Magari yameyasaga, lakini madereva walikuwa bado wanayakwepa, wanatanua kwenda upande wa pili kukwepa gari lisilokuwepo. Sheria ya Mjomba niliyoishika kwa meno ilikuwa ya kutoliacha gari. Hii ya kuwajali wanaokuja nyuma yako niliisahau pale pale. Nilishuka kwenye mvua, nikayaokota yote, nikayatupa porini.

Jina la yule bwana sijui. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa nimeshughulika kumdharau. Nimekaa tangu nifungue duka mbele ya jukwaa, ile mada ya zamani iko wazi, na chini yake salamu za mtu wa watu kwa Mjomba ambazo sikumbuki kama nilizifikisha.

Kabla sijafunga duka nitaandika pale chini. Sitalalamikia mtu. Nitaandika kwamba Mjomba amefariki, kwamba dawa yake ya dumu bado inakubali, na kwamba yapo mawili aliyonifundisha, moja nikalizidisha na jingine nikalisahau. Siku ya msiba, mwenzako akikufungulia mlango, panda.

Gari lingeningoja pale Mavuji hata wiki nzima. Mjomba alikwisha ningoja mpaka alasiri.