Mirija Ukutani

Jumatatu, 8 Februari 1965

Jua la mwezi huu halina huruma. Tangu Krismasi halijaanguka tone la mvua, na mwamba wa Tororo hauguswi kwa mkono. Katika jineri yetu — kiwanda cha kuchambua pamba, ambamo huu ni mwaka wangu wa kumi na mmoja kama karani wa lango — madirisha ya chumba cha mashine hufungwa kutwa, upepo usije ukapeperusha pamba. Paa ni bati. Maji hayaruhusiwi kupita mlango ule, kwa kuwa pamba ikilowa robota huoza. Wala mtu haachi mashine yake kabla ya kengele ya saa sita.

Leo Oboth wa mashine ya tatu ameanguka. Mkulima wa Kirewa, mwenye mabega ya fahali — chini kama gunia! Meneja alikuja, akatazama saa yake, akaamuru wengine warudi ndani. Opolot wa chama cha wafanyakazi akamwambia kwamba sheria inadai maji ya kunywa mahali pa kazi. Meneja akajibu kuwa maji yapo, bomba liko langoni.

Ni kweli. Hatua mia moja na arobaini. Niliwahi kuzihesabu.

Jumatano, 10 Februari

Nimeona jambo la aibu. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mashine unapakana na njia ya waendao kwa miguu, na katika ukuta huo pana tundu, palipopita bomba la zamani. Leo katika tundu hilo ilipita mirija kuingia ndani — ile mirefu ambayo wazee wa Kiteso huinywea ajono, pombe ya ulezi, wakiwa wamekizunguka chungu. Mitatu! Chini yake chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba, na kando ya chungu amechuchumaa Amongin, mjane wa njia ya Malaba, mfagiaji wetu wa uani.

Pombe kazini, saa tatu ya asubuhi! Mimi niliyeokoka mwaka wa 1941 najua vizuri mirija ile ilivyommaliza baba yangu.

Aliniamkia: "Yoga, papa." Sikuitika. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikaandika ripoti. Niliandika kwamba nimeona, na kwamba nimenusa.

Alhamisi, 11 Februari

Amongin amefutwa kazi. Hakulia. Langoni alinirudishia kipande chake cha kazi kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu mbele ya mkubwa. Akasema tu, "Mwalimu, wewe hapana onja."

Nilidhani ananikejeli. Watu huniita Mwalimu kwa sababu ya kanisa, si kwa sababu ya lango.

Ijumaa, 12 Februari

Ee Bwana, unirehemu.

Nilikuwa nikijaza daftari la mahudhurio nikaona jambo. Katika joto kama hili tumezoea kumtoa nje mtu mmoja kila siku, pengine wawili. Tangu Jumanne — hakuna! Nikamuuliza Oboth. Alicheka hadi akashika kiuno. "Pombe gani, Mwalimu? Mtu akunywe pombe kando ya ile mashine, mkono itabaki? Ile ilikuwa maji. Maji ya kisima!" Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mama amefukuzwa juu ya maji."

Nilizunguka nyuma. Chungu kilikuwa pale pale! Amefukuzwa jana, na leo amerudi kwa njia ya nje, chungu kichwani, kabla jua halijachomoza. Alisogea tu.

Nilipiga magoti. Nikapangusa mrija kwa leso. Katika umri wangu wote mdomo wangu haujagusa kitu hicho. Maji. Baridi, yenye harufu ya moshi wa chungu kilichofukizwa.

Kisha nikakaa kutazama, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kustaajabu. Mrija hufika hadi mashineni: kila mtu huvuta mara kumi, halafu hugonga ukuta kwa ngumi ili mwenzake apokee zamu, mashine haisimami. Amongin anasikiliza zile ngumi na kujua nani hajanywa. Mirija ni ya marehemu baba yake. Ameichemsha mara tatu. Hakuna tone linaloifikia pamba, maana maji yanatoka chunguni na kuingia kinywani. Amri inakataza maji kupita mlangoni — na hayakupita mlangoni! Mimi nilisomeshwa na wamisionari miaka sita. Yeye hajui kuandika jina lake. Ni nani kati yetu aliyeisoma amri ile vizuri zaidi?

Na jambo hili niliandike nikiwa na akili timamu. Sikunusa kitu siku ile. Niliandika kwamba nimenusa kwa kuwa macho yangu yalikuwa na hakika. Hilo si kosa la macho. Lina jina jingine.

Jumapili, 14 Februari

Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Somo la leo — vibarua wa shamba la mizabibu, na wale waliochukua joto la mchana kutwa. Edah, mke wangu, alinisubiri nje ya kanisa, nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa ulinusa na pua ya nani, Baba?" Maneno hayo yalitosha.

Nilikwenda kwa Amongin. Alikuwa akibambua karanga. Alinipa kigoda, akanipa maji kabla ya maneno. Niliomba msamaha, naye akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Papa, mimi nasamehe. Lakini si mimi uliandikia. Enda sema kule uliandikia." Halafu akaniuliza kama Oboth ana nguvu, na kama yule mzee wa mashine ya tano bado anakohoa.

Nimewajua maaskofu wawili. Sijui kama wangeuliza hilo.

Jumatatu, 15 Februari

Nimemwambia Meneja. Alinisikiliza kwa upole, kalamu mkononi. Akasema kesho Ofisa wa Kazi anakuja kutoka Mbale, ameitwa na Opolot, na kampuni ina shahidi mmoja tu. Harufu ikiondoka katika ripoti, alisema, basi pombe hakuna. Yanabaki maji ambayo kampuni haikuyapeleka. "Uliandika mwenyewe, Mwalimu. Ni mkono wako." Kisha akauliza nyumba ninayokaa ina vyumba vingapi. Anajua. Nyumba ni ya kampuni.

Baadaye akaamuru tundu lizibwe kwa saruji. Saa tano Oboth akazima mashine yake. Kisha ya nne ikanyamaza, kisha ya tano. Wote walitoka, wakaketi kwenye kivuli cha stoo, chungu cha Amongin katikati yao. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeokota jiwe. Meneja alipiga kelele; wao walikunywa maji tu, kwa zamu, vuta kumi. Sikujua kwamba ukimya unaweza kusimama wima kiasi kile.

Jumanne, 16 Februari

Naandika nje ya ofisi, daftari juu ya goti. Asubuhi nilimkuta Edah akifunga sahani katika magazeti. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Alisema sahani hazipendi haraka.

Ofisa yumo ndani tangu saa mbili. Ni kijana mwenye miwani, na ameomba kwanza aonyeshwe lile tundu. Amongin aliitwa, akakaa muda mrefu, akatoka. Opolot anasema alipoulizwa juu ya ripoti yangu hakuipinga hata kwa neno moja. Alisema, "Mwalimu ni mtu ya Mungu. Muulize yeye, hawezi danganya."

Ningalipenda angalinitukana!

Ameketi sasa mwisho wa benchi hili. Uani watu wote wamesimama. Meneja amechungulia mlangoni, akaniinamishia kichwa kama mtu anayemtia moyo mtoto. Nyuma yake Ofisa anauliza, kwa sauti ya kusikika hata huku: "Yuko wapi yule aliyenusa?"

Amongin amekusanya vazi lake na kuvuta miguu ndani, anipishe njia.