Homa ya Jhunu

Snigdha, leo nimefanya uchafu. Uchafu!

Mkaguzi wa serikali ya jimbo kaja kupima usomaji wa darasa langu. Jana nilimwambia Jhunu, yule asiyejua kusoma, abaki nyumbani asije akaniharibia alama.

Mkaguzi akapitia orodha ya majina, akauliza, "Jhunu yuko wapi?"

Nikamjibu bila haya, "Ana homa kali, bwana."

Kumbe nimesahau leo ni siku ya mayai kwenye chakula cha shule! Saa sita Jhunu huyo, sahani mkononi, yuko kwenye foleni ya chakula.

Mkaguzi akasikia wenzake wakimwita jina, akamgusa paji la uso. "Wewe si una homa?"

Shoga, mtoto akanitazama. Akanitazama!

"Imeshuka, bwana."

Miaka miwili nimeshindwa kumfundisha kusoma. Kusema uongo kajifunza kwangu siku moja.