Mtunzi: Mababu

Jumatatu, 20 Januari

Haya. Nina blogu! Loveness kanifungulia leo mchana saluni kwake huku anamsuka mteja — mkono mmoja kwenye nywele, mwingine kwenye simu yangu. Mteja akalalamika anavutwa. Tukamwambia avumilie, ni mambo ya sanaa.

Nimeweka nyimbo tatu. Mbili ni za zamani, kila mpiga mbira wa Harare anazijua. Wa tatu ni "Usilale Kwanza". Wangu. Niliutunga mwaka juzi kwenye foleni ya hospitali, mama kalazwa kwenye benchi, mbira sina, badala ya vyuma vyake nagonga mbao kwa vidole. Mjomba Zivanai alikuwa pembeni yetu. Siku nne baadaye mama hatunaye.

Kuna sehemu ya kujaza mtunzi. Nikaandika: Mababu. Loveness akaniangalia. Si nilisema ni wangu? Nikamwambia hajui mambo yetu. Mjomba ndiye aliyenifundisha mbira nikiwa na miaka saba, na kwake mpiga mbira hasemi "wangu". Nyimbo ni za waliotangulia, sisi tumeazimwa tu. Nikiandika jina langu, akasikia — yatakuwa maneno.

Basi. Mababu.

Alhamisi, 30 Januari

Watu arobaini na mmoja wamesikiliza! Kumi labda ni mimi mwenyewe. Mtu wa Bulawayo kaandika kwamba "Usilale Kwanza" umemliza ndani ya basi. Umemliza! Nimesoma maneno yake mara sita pale kwenye meza yangu ya mitumba, mteja akachoka kuuliza bei ya gauni, kaondoka. Bando limeisha. Nimenunua jingine. Ujinga, najua.

Jumanne, 18 Februari

Elfu mbili na mia. Situlii! Nasonga sadza huku nachungulia simu — sadza imeungua chini, nimekula hivyo hivyo.

Loveness anasema blogu ikishakuwa na watu namna hii unaweka matangazo, au anayetaka kupakua wimbo analipia. Ila nisajili nyimbo kwanza. Nikamwuliza nisajili nini, wakati zote tatu nimeandika za mababu? Akacheka mpaka chanuo likamdondoka. "Basi waambie mababu wakununulie bando."

Sijacheka sana.

Jumamosi, 15 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Nimekaa saluni, redio inaongea yenyewe. Tangazo la mafuta ya kupikia. Mbira inaanza. Nikasema moyoni, huyu anapiga vizuri. Halafu nikasimama. Ni "Usilale Kwanza"! Juu yake wameweka wanawake wanaoimba kuhusu viazi visivyoganda kwenye kikaango. Viazi! Wimbo wa mama!

Loveness akasema labda umefanana tu. Nikamwambia ngoja lirudie. Likarudi baada ya dakika ishirini. Kwenye ule nilioweka kwenye blogu, mzunguko wa pili, dole gumba langu la kushoto liliteleza, nikauacha hivyo hivyo kwa uvivu. Na wao wameteleza palepale. Wamenakili mpaka kosa langu!

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sijui hata nimepita wapi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepiga simu kwenye kampuni. Nikahamishwa kutoka huyu kwenda yule, mwisho nikaangukia kwa kijana wa matangazo, adabu tele, dada, dada, kila neno. Nikamweleza yote. Nasikia anabonyeza kompyuta.

"Lakini dada, hapa umeandika mwenyewe, mtunzi ni mababu. Wimbo wa mababu ni wa wote. Hata sisi tuna mababu."

Nikakata simu. Baadaye nikamjibu vizuri sana, dakika kumi nzima, peke yangu, nafua.

Jumatano, 19 Machi

Ofisi ya haki za wanamuziki, mjini. Nimesimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Mama Chigumira wa dirishani ana miwani kwenye ncha ya pua na hana haraka na mtu. Kasikiliza wimbo wote kwenye simu yangu, kisha tangazo, kisha wimbo tena. Alipofika kwenye lile dole gumba akatabasamu.

Anasema bado nina nafasi. Tarehe ya blogu inanisaidia, kosa la kidole linanisaidia zaidi. Lakini kwa lile neno la mababu nimejifunga mwenyewe. Wa kunifungua ni mtu aliyeusikia wimbo ukitungwa, aje aape mbele ya kamishna wa viapo. Akauliza kama yupo. Yupo. Aliyebaki hai ni mmoja tu.

Ee Mungu. Mjomba.

Jumamosi, 22 Machi

Mhondoro, kijijini kwetu. Nimemkuta mjomba uani, ananyoosha vyuma vya mbira kwa nyundo. Alipoona sukari na mkate akasema ama nimepata mchumba ama nimeharibu kitu. Nikamwambia nimeharibu kitu. Nikasema yote, blogu, mababu, viazi, kiapo.

Akaendelea kugonga. Kisha akaanza kunieleza, polepole, kana kwamba mimi ni mgeni wa ukoo huu. Mwezi wa tisa, kwenye tambiko ambalo sikwenda, waliupiga "Usilale Kwanza". Babu, yaani mzimu wake, alikuwa amegoma kuja miaka mitatu. Siku hiyo akampanda shangazi kichwani, akasema nao, ukoo mzima unaona. Na aliyeuleta wimbo pale ni yeye mjomba.

"Sasa ukiapa kwamba ni wako, Shuvai, babu alikuja kwa wimbo wa nani?"

Nikawaka! Nikamwambia babu alikuja kwa sababu umepigwa vizuri, hakuuliza karatasi. Nikamwambia wale watu wa mafuta hawamwogopi babu wala yeye. Nikamwambia mama alikata roho na wimbo ule masikioni, na leo watu wanakaangia viazi. Nililia pia. Nina aibu, sijawahi kumpandishia mjomba sauti.

Akaweka nyundo chini. Akasema atakuja Ijumaa. Hakusema anakuja kusema nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 25 Machi

Yule kijana kapiga mwenyewe! Mama Chigumira amewaandikia barua. Sasa sio dada tena, ni Bi. Shuvai. Hawataki kelele. Watanilipa, na jina langu litatajwa kila tangazo likipita. Ila kiapo kiwafikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Jumatatu tangazo linaanza kwenye televisheni — bila karatasi wanabadilisha muziki, na yaliyopita tukatafutane mahakamani. Mahakamani, mimi, kwa hela ya mitumba!

Sijala tangu asubuhi. Sadza yangu kaila Loveness.

Ijumaa, 28 Machi

Saa nane na dakika arobaini. Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya kamishna wa viapo. Yeye yuko ndani anakula. Kanipa fomu na kalamu, kasema nijaze mstari wa mtunzi, akimaliza kula tunaapa, anagonga muhuri. Kampuni iko barabara ya pili. Nitafika kwa miguu.

Mjomba kaja na basi la asubuhi, kavaa lile koti lake la harusi na misiba. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumjibu habari za mababu. Nilikuwa na majibu manne! Hakuwataja kabisa. Aliniambia tu nimsomee nilichoandika, hana miwani. Nikasoma: Mtunzi, Shuvai Mutandwa.

"Peke yako?"

Nikajua hapohapo anasema nini. Nikajifanya sijui.

"Nilikuwa pale, binti. Vidole vilikuwa vyako. Maneno yalikuwa ya dada yangu."

Ni kweli. Sijawahi kuyaandika humu. Loveness sijamwambia. Kila mtu anadhani nilikuwa namwimbia mama asilale. Mimi ndiye niliyekuwa nasinzia! Usiku wa pili ule, sijafumba jicho, nagonga mbao ili nisianguke kwenye benchi. Mgonjwa ni yeye, na yeye ndiye aliyeanza kuimba, kwa kunitania, usilale kwanza, hawajatuita bado, usilale kwanza. Kila nikisinzia anaongeza mstari. Mistari yote sita. Mimi nimeimba ya mtu miaka miwili, nikasema yangu, halafu nikaenda kuwagombeza watu wa viazi.

Nimechungulia mlangoni, nikamwuliza kamishna, je, watunzi wakiwa wawili na mmoja ameshafariki? Hakuinua macho kwenye sahani. Barua ya ukoo mzima, kasema. Watoto wake wote, ndugu zake wote, na sahihi zao. Ndugu yangu mmoja yuko Afrika Kusini, hata namba yake sina. Hiyo ni miezi.

Nikarudi kukaa. Nikamwambia mjomba. Akasema nikiacha jina moja ataapa, nikiandika mawili ataapa. Mimi ni mtoto wa dada yake, hawezi kunidai cha mama yangu. Ningependa angenikataza! Ningemkasirikia yeye, basi.

Mama angesema nini? Angesema chukua hela, ukanunue viatu. Najua angesema hivyo. Haisaidii chochote.

Saa tisa na dakika tano. Maji yanamwagika ndani, kamishna ananawa mikono. Mjomba kasimama, anafunga vifungo vya koti. Fomu iko gotini kwangu. Baada ya jina langu nimeandika "na". Mjomba kaona, kageuza uso upande wa barabara.

Tunaitwa.